Msichana wa Besi na Harusi ya Kinoo

Nawaambia hadithi hii mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Kanini, kwa sababu yeye huitia chumvi mpaka inawasha, halafu anaigiza sura yangu, na ile sura anayoigiza si yangu kabisa. Lakini kwa jumla ni kweli. Ni kweli niliharibu kuingia kwa bibi harusi. Ni kweli nilitukana bendi nzima mbele ya watu, wazee wa kanisa wakiwa wameketi pale mstari wa mbele na kofia zao magotini. Na ni kweli kwamba wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika duka la kuuza betri, jambo ambalo mtalielewa mbele kidogo, na mkilielewa naomba mcheke kwa kiasi.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha. Mimi nilikuwa msichana mwembamba (mnacheka nini?), nimezaliwa Machakos lakini nimelelewa na huyu dada yangu kule mtaa wa Waithaka, na kila asubuhi nilikuwa naingia mjini kupiga taipu na kuuza balbu katika duka la vifaa vya umeme la Bwana Singh, mtaa wa nyuma ya River Road. Bwana Singh alikuwa mtu wa kilemba kilichonyooka na moyo laini, ingawa moyo wenyewe aliuficha nyuma ya kelele. Ujana wake alikuwa amepiga gita la besi katika bendi ya vijana wa huko kwao Parklands, na hilo gita lilikuwa bado linaning'inia stoo, juu ya katoni za betri, likikusanya vumbi. Siku moja nikipanguza vumbi nikaugusa ule uzi mnene kuliko zote, ukanguruma ukaingia kifuani, nikausikia mpaka mgongoni, na hapo nikaacha kupanguza.

Bwana Singh akanikuta nimelikumbatia. Nilijua nimefutwa kazi. Yeye akavuta kiti, akafungua chakula chake cha mchana, chapati na achari, akasema, "Si namna hiyo. Kidole moja, halafu nyingine. Kama natembea."

Basi kutoka siku hiyo, kila duka likifungwa saa ya chakula, yeye anakula na mimi napiga. Alinifundisha kwa miezi mingi na maneno yake nimeyaweka mpaka leo, na ikiwa kuna yeyote hapa anayetaka kuanza besi, ayachukue bure. Alisema, "Mwikali, besi si ya kuonekana, besi ya kusikia na tumbo. Watu nacheza, hawajui kwa nini nacheza. Hiyo kwa nini ni wewe." Alisema, "Sikiza mguu ya mtu ya ngoma. Mkono yake wacha, mkono nadanganya." Alisema nikipotea katikati ya wimbo ninyamaze, kwa sababu hakuna mtu amewahi kufa eti besi imenyamaza kidogo. Na la mwisho, ambalo alilirudia mpaka nikachoka, ni kwamba nikifika mahali pa kupiga nilinganishe nyuzi na wenzangu, sisi tulisema kutyuni. "Hata kama umetyuni nyumbani, hata kama malaika ametyuni kwa wewe, tyuni tena na wenyewe." (Hayo yote niliyashika, isipokuwa hilo la mwisho.)

Sasa, bendi ilikuja kwangu, si mimi niliyeiendea. Jina lake sitalitaja, maana baadhi yao bado wako hai na wana kumbukumbu nzuri. Kiongozi alikuwa Bwana Shikuku, mpiga gita la solo, mtu mrefu asiyecheka, na siku hiyo alikuja dukani kutafuta fyuzi huku amekasirika, akimwambia Bwana Singh kwamba mpiga besi wake ametorokea Mombasa kwenye hoteli ya watalii na hata kuaga hakuaga, na wao wana harusi kubwa Kinoo, na bendi bila besi ni kama ugali bila maji.

"Besi iko hapa," Bwana Singh akasema, akanielekezea kidole.

Shikuku akanitazama, halafu akatazama nyuma yangu, akimtafuta huyo mwanamume.

"Ni huyu," Bwana Singh akasema.

"Huyu msichana?"

"Huyu msichana. Mimi nafundisha yeye. Unataka besi ama unataka ndevu?"

Shikuku akalipia fyuzi zake akaondoka. Siku iliyofuata alirudi na kaseti. Alikuwa amerekodi nyimbo za harusi kule mazoezini kwao, na mwanzoni mwa kaseti akaweka sauti yake mwenyewe akitaja noti za kutyuni, moja moja, na kuzipiga kwa gita, ili nijifunzie nyumbani, na Bwana Singh akaniazima lile gita nilibebe. Akaniambia nisome nyimbo zote, nije mazoezini mara moja, kisha harusi yenyewe ndiyo itakuwa mtihani: nikipiga vizuri nimeingia kwenye bendi, nikipiga vibaya yeye atapata mwanamume wa besi (yeye, kwa lafudhi ya kwao, alisema "pesi", na mpaka leo nikiisikia hivyo moyo unaruka). Ningependa kuwaambia sikujali. Nilijali mpaka sikula. Wasichana wa umri wangu kwenye bendi walikuwa wanaimba nyuma na kutikisa nyonga, hakuna aliyeshika besi, na nilitaka kuwa huyo mmoja zaidi ya nilivyotaka kuolewa.

Hapa ndipo palipoanzia mambo. Ploti yetu ya Waithaka haikuwa na stima, kwa hivyo redio kaseti ya Kanini ilikuwa ya betri, na zile betri zilikuwa za zamani. Mnajua tulivyofanya enzi zile, betri zikichoka unazianika juani, zikipata joto zinafufuka kidogo. Kanini alikuwa anazianika juu ya paa la choo kila asubuhi, zimepangwa mstari kama omena, dagaa wa kuanikwa. Nikaweka kaseti, nikafinya, na Bwana Shikuku akaanza kuongea: "Hiiiii... niiii... E." Sauti nzito, ya polepole, kama mtu anayetoa rambirambi. Nikasema, lo, huyu bwana ni muungwana, anaongea taratibu ili nielewe.

Kwa kweli kuna wakati niliwaza, ngoja kesho nilete betri mpya kutoka dukani. Niliwaza hivyo kama mtu anayewaza kufua mapazia. Halafu wimbo wa kwanza ukaanza, ukiwa wa polepole, mtamu, vidole vyangu vikawahi kila mahali bila taabu, nikaona kumbe hii bendi inapiga kwa mwendo wangu. Kwa nini nibadilishe? Nikaacha. Uamuzi wangu wote ulikuwa huo, niliufanya nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na ulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Nyinyi mnajua redio ikichoka inafanya nini. Inazunguka pole, na ikizunguka pole si mwendo tu unaoshuka, hata sauti inashuka. Noti inayoitwa E haiwi E tena, inakuwa kitu kingine kilicho chini yake kidogo, na mimi nikalegeza nyuzi zangu zote kufuata hicho kitu kingine, kwa makini sana, jioni baada ya jioni, mpaka besi yangu na redio ya Kanini zikapatana kabisa. Zilipatana zenyewe tu. Hakuna kingine duniani zilichopatana nacho.

Mtauliza, na mazoezini je? Mazoezi yalikuwa Kenyatta Market, chumba kilicho nyuma ya banda la nyama choma, moshi unaingia mpaka ndani ya spika. Nikafika nimebeba besi yangu kama mtoto, tukasalimiana, na kabla mtu hajachomeka waya stima ikapotea soko zima. Tukangoja, haikurudi. Shikuku akasema basi tufanye kwa mdomo, kila mtu aimbe sehemu yake na kupiga makofi ili tujue wapi tunaingia na wapi tunatoka. Mpiga ngoma, jamaa mcheshi aliyeitwa Odhis, alipiga kwa vidole juu ya kiti, na mimi nikapiga besi ambayo haijachomekwa popote, hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri.

Ishara zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo. Ya kwanza ni kwamba walipiga haraka mno. Nikadhani wanataka kumaliza kabla giza halijaingia. Ya pili ilikuwa mwimbaji. Kwenye kaseti nilikuwa nimezoea kusikia mwimbaji wa sauti nzito, nikamjenga kichwani mwangu, mzee wa kitambi, labda na suruali ya mikanda mabegani. Kumbe mwimbaji ni Zablon, kijana mwembamba kama ufagio, sauti yake nyembamba na ya juu kama filimbi. Nikamwuliza Odhis kwa upole, "Yule mwimbaji wa zamani alienda wapi?"

"Wa zamani gani, sista?"

"Yule mzee wa kwenye kaseti."

Odhis akanitazama akafikiri natania, akacheka sana, na mimi kwa sababu sikutaka kuonekana mgeni nikacheka pia.

Siku ya harusi ikafika, Jumamosi ya jua zuri. Bwana Singh alifunga duka (hajawahi kufunga duka Jumamosi, wateja walidhani kuna msiba), akatubeba kwa pikapu yake, mimi na besi na amplifaya yake ya zamani nyuma, yeye na mkewe mbele, kilemba kipya cha rangi ya waridi. Harusi ilikuwa nyumbani kwa kina bibi harusi, kiwanja kikubwa pale Kinoo juu ya barabara, mahema yamefungwa, viti vimekodiwa, sufuria za pilau zinatoa mvuke. Na ninashuka tu, naona nani? Naona kanisa zima la Waithaka. Bwana harusi, kumbe, alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa la Kanini, na kwaya yote ilikuwa imekuja na sare zao za bluu, na Kanini katikati yao, akiimba alto kama kawaida yake, amekwisha kumwambia kila mtu, mpaka mchungaji, kwamba mdogo wake ndiye anapiga gita.

Tukachomeka kwenye jenereta ya pale nyumbani. Kijana wa kinanda akaniambia, "Dada, chukua E utyuni."

Nikaangalia watu. Walikuwa wengi, wameketi, hawana kitu kingine cha kutazama isipokuwa msichana aliyevaa gauni la manjano akiwa na gita kubwa kuliko yeye. Na ukweli ni kwamba mimi kutyuni kulinichukua muda, nilikuwa nazungusha mbele, nazungusha nyuma, naweka sikio juu ya mbao, natoa ulimi nje. Sikutaka kutoa ulimi mbele ya mchungaji. Nikamwambia, "Nimeshatyuni nyumbani."

"Una uhakika?" Odhis akauliza.

"Sana."

Nyuma ya mahema Bwana Singh alikuwa amejaza sahani, hakusikia. Angesikia, nisingekuwa na la kusimulia.

Bibi harusi akatokea getini na wasimamizi wake, shela, maua, mama zake wakipiga vigelegele. Shikuku akatupa kichwa, Odhis akahesabu, na tukaanza. Walianza kama watu waliofukuzwa na mbwa. Nikawakimbilia, vidole vikijikwaa, na nikasikia kitu kibaya sana, kama matatizo mawili yanaongea kwa wakati mmoja. Watu wakakunja nyuso. Mzee mmoja akageuka akaangalia jenereta. Bibi harusi alikuwa ameanza kuingia kwa ile miondoko ya hatua mbili mbele na moja nyuma, mguu wake ukabaki hewani, hajui aushushe wapi.

Shikuku akamtazama kijana wa kinanda kwa macho makali. "Umefinya nini wewe?"

Kijana wa watu hakuwa amefinya kitu, lakini ukishatazamwa hivyo na Shikuku unajishuku. Kinanda chake kilikuwa na kitufe cha kushusha sauti zote kwa pamoja, akakifinya, na ghafla kinanda kikakubaliana na mimi. Basi sasa tulikuwa wawili. Zablon akasikia wawili wako chini, naye akashuka, akiimba kwa sauti ambayo hakuwa nayo. Akabaki Shikuku peke yake juu, na mtu aliyepiga gita miaka yote hiyo akaanza kukaza na kulegeza nyuzi zake katikati ya wimbo, jasho linamtoka. Nilivyomwona hivyo nilimhurumia, naapa. Nikasema moyoni, maskini, mpaka kiongozi hajatyuni. Hapohapo yule kijana akarudisha kitufe chake juu, Zablon akamfuata, Shikuku naye ndiyo kwanza amefika chini, na wakapishana hivyo wanapanda na kushuka kama watu kwenye ngazi, na mimi peke yangu nimesimama imara. Nilijivunia. Nilisema, Mwikali, usitetereke, hawa wote wamepotea, ni wewe umebaki.

Ndipo nikamwona Kanini. Alikuwa amesimama katikati ya kwaya, ananiangalia mimi moja kwa moja, kiganja kimegeukia mbinguni, anakipandisha: juu, juu, juu! Nyuma yake waimbaji wa soprano nao wanafanya hivyohivyo, juu, juu! Alikuwa ananiambia niko chini, mtu wa kwaya hawezi kuvumilia kitu hicho. Mimi nilielewa kwamba hawanisikii vizuri.

Nikaongeza sauti. Kanini akazidi kupandisha mkono, sasa mikono yote miwili. Nikaongeza tena. Akashika kichwa. Nikasema kumbe wanapenda, nikazungusha kile kitufe cha amplifaya ya Bwana Singh mpaka kikagota. Mashuka ya hema yakaanza kupumua. Vifuniko vya sufuria vikaimba. Kuku wa jirani wakahama. Odhis akawa ananipigia kelele jambo fulani, sikumsikia, nikamgeukia na mimi nikampigia kelele kwa nguvu zangu zote ili anisikie juu ya ngurumo, na wakati huo huo, kwa sababu amplifaya ilikuwa imevuta stima yote ya pale nyumbani, jenereta ikakohoa, ikazimika.

Kiwanja chote kikawa kimya kabisa. Na katika huo ukimya sauti yangu ikatoka, kila neno limenyooka:

"...HAWA WANAUME WAKO HAWAJUI KUPIGA! NI MIMI PEKE YANGU NIKO SAWA!"

Sikumbuki kama nilipumua. Nakumbuka mtoto mmoja akicheka halafu akafinywa. Nakumbuka mchungaji akishusha miwani. Bibi harusi alikuwa katikati ya njia, maua mkononi, ananitazama. Halafu kutoka kwenye kwaya ikasikika sauti ninayoijua tangu utotoni.

"Aiya, Mwikali! Ni wewe! Uko chini!"

"Eeh, ni yeye," akasema mama mmoja wa soprano, na waimbaji wengine wakatikisa vichwa, "ni yeye, ni yeye," kama mashahidi.

Bwana Shikuku akaja polepole. Akaugusa uzi wangu wa E, akainamisha sikio. Akaugusa wake. Akaugusa wangu tena. Uso wake ulikuwa wa daktari.

"Ulityuni na nini?"

"Na kaseti yako," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepungua ikawa ya sindano.

"Redio ilikuwa ya stima ama ya betri?"

Kabla sijajibu, Kanini akajibu kutoka huko aliko, kwa ule utiifu wake wa kusema ukweli kanisani: "Ni betri zangu! Lakini nilikuwa nazianika juani kila asubuhi!"

Na hapo nyuma ya mahema akainuka mtu wa kilemba cha waridi, sahani ya pilau mkononi, akasema kwa uchungu wa mzazi, "Mwikali! Duka yangu iko na betri mpaka dari! Wewe nakaa juu ya betri! Nakula chakula juu ya katoni ya betri!"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni bwana harusi, kwa sababu nilimwona ameketi chini kwenye nyasi na suti yake nyeupe, anapiga ardhi. Wakacheka wazee wa kanisa, wakacheka wapishi, mama ya bibi harusi akacheka mpaka lesso ikafunguka. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuliweka lile gita nikimbie, nilikuwa nimekwisha kupima ua kwa macho nikaona naweza kuuruka. Lakini mkanda ulikuwa umenasa kwenye vifungo vya gauni langu, na huwezi kuruka ua ukiwa umevaa besi. Basi nikabaki pale. Na nikaanza kulia, lile kulia la kuuma midomo.

Jenereta ikawashwa. Shikuku akasema, "Tyuni."

"Hapa?"

"Hapa. Mbele ya watu. Mimi sipigi tena mpaka utyuni."

Nikashika ule ufunguo wa kukazia uzi kichwani pa gita, kijana wa kinanda akanipa E. Nikazungusha, nikaipita. Nikarudi, nikapita tena. Sikuwa nasikia chochote, masikio yalikuwa yamejaa moyo. Shikuku akaanza kutazama saa. Nikajua mtihani umekwisha.

Ndipo Kanini alipotoka kwenye kwaya. Akaja mpaka mbele, akasimama karibu nami, akanipangusa pua na kitambaa chake mbele ya watu wote (hicho ndicho kitu ambacho sijamsamehe), akasema kwa sauti ya chini, "Wacha kusikiliza kinanda. Nisikilize mimi." Akaikamata ile E kooni, mdomo umefungwa: mmmmm. Kwaya nyuma yake ikaichukua: mmmmm. Sauti nne nne, wanaume chini, wanawake juu, E moja pana kama barabara. Wageni wa Kinoo wakaona hii ni sehemu ya harusi wasiyoijua, wasiachwe nyuma, nao wakaingia: mmmmm. Wazee, wapishi, wasimamizi, mchungaji, Bwana Singh na mkewe, kiwanja kizima kimefunga mdomo kinaniimbia noti moja.

Nikazungusha. Uzi ukapanda, ukapanda, ukatetemeka kandokando ya ile sauti, halafu ukaingia ndani yake ukatulia. Niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Watu nao waliisikia, kwa sababu wote kwa pamoja wakapiga kelele kama timu imefunga bao.

"Wa pili!" mtu akasema. Tukafanya wa pili, mmmmm, bao. Wa tatu, bao. Wa nne niliufikisha mara moja bila kukosea, na vigelegele vilivyopigwa hapo havikupigwa hata kwa keki.

Bibi harusi, ambaye muda huu wote alikuwa amesimama katikati ya njia na mguu wake umechoka, akainua mkono. "Sasa naweza kuingia?" Watu wakasema ingia, ingia! Akasema, "Hapana. Mimi narudi getini. Naingia upya." Akakunja shela yake kwapani akarudi mbio mpaka getini, wasimamizi wanamfuata wakicheka, akajipanga, akashusha shela. Odhis akanikonyeza akahesabu.

Sikupiga ujanja hata mmoja. Nilitazama mguu wa Odhis tu, ukishuka napiga noti moja, ukishuka tena napiga nyingine, na nilipopotea (nilipotea, mwendo ulikuwa mkali) nilinyamaza mpaka nikaona mguu tena. Na bibi harusi akaingia. Jamani, aliingia! Hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yanaongea, kiwanja chote kimesimama, mama zake mbele, kwaya pembeni, na katikati yao Bwana Singh mikono yote juu, anazungusha viganja kama mtu anayefungua balbu, akina mama wa Kinoo wamemzunguka wanaiga. Niliwatazama wanacheza, hawajui kwa nini wanacheza. Nilijua mimi. Nilicheka peke yangu pale nyuma, kamasi zikiwa hazijakauka.

Tulipokuwa tunakunja waya jioni ile, Shikuku alikuja akasimama. Nikasema kabla hajasema, "Najua, Bwana Shikuku. Asante kwa kunijaribu."

"Mazoezi ni Jumanne," akasema.

"Yangu?"

"Kuna watu wamenifuata hapa. Wana harusi zao. Wanauliza kama tutakuja na ile mambo ya mmmm." Akakuna shingo, na naapa kona ya mdomo wake ilicheza. "Sasa nitawaambia nini? Eti nimemfukuza?"

Nilipiga na hao watu miaka mingi, mpaka nikaolewa na hata baada ya kuolewa, na nimepiga kwenye majukwaa makubwa kuliko kiwanja cha Kinoo. Bwana Shikuku hakuwahi kunisifu, lakini siku moja nikiwa mgonjwa akakataa kupiga harusi bila mimi, na nililichukua hilo kuwa sifa. Aibu yenyewe haikuisha. Nilikuwa nikipita sokoni Waithaka akina mama wa mboga wanafunga midomo, mmmmm, na mimi napunga mkono kama rais.

Basi wewe unayetaka kuanza besi, mimi sina mengi. Kata kucha, kula kabla ya kupiga, simama karibu na mtu wa ngoma. Na ukiulizwa kama umetyuni, sema bado. Mimi nimeapa sitasema tena "nimeshatyuni", hata niwe nimetyuni dakika hiyo hiyo. Siku hizi vijana wananialika mara moja moja, wana vidude vyao vidogo vyenye taa vya kuwaonyesha kila kitu, na nikifika nawasalimia, nafungua besi, nawaambia, "Nipeni E." Wananitazama wakifikiri huyu mama hajui kazi. Nawaacha wafikiri. Wakinipa nashukuru, nikimaliza naiomba tena.